Kuuza Urefu, Kununua Elimu



Ndugu zangu katika imani, kila ninaporudi Gumbo wakati wa likizo huulizwa swali moja. Huulizwa mimi kwa kuwa watu wanajua ninasoma masomo ya Kiislamu, na wanadhani kila jambo lina jibu fupi la halali au haramu. Swali lenyewe ni hili: kijana wa Kiislamu akiitwa na chuo kikuu cha Marekani, kile chenye maabara na maktaba kubwa pamoja na timu zinazoonyeshwa kwenye televisheni, akaambiwa atasomeshwa bure kwa sababu anacheza mpira wa kikapu, je, akubali? Na yule asiyecheza, anayeomba nafasi ya kawaida, akikichagua chuo hicho kwa sababu ya sifa za timu yake, amechagua elimu au amechagua kelele?

Kwa wasiolijua eneo letu, Gumbo iko ng'ambo ya Mto Nile, mashariki mwa mji wa Juba, kwenye barabara iendayo Nimule na mpaka wa Uganda. Malori hupita usiku na mchana, na Kiswahili tunachokisikia sokoni kimekuja na madereva na wafanyabiashara wa njia hiyo. Huku kijana mrefu huulizwa kama anacheza kikapu kabla ya kuulizwa anasoma darasa la ngapi. Wanaomuuliza wana sababu. Manute Bol alichezea Chuo Kikuu cha Bridgeport kabla ya kuingia NBA mwaka 1985. Luol Deng, mzaliwa wa Wau, alisoma na kucheza Chuo Kikuu cha Duke msimu wa 2003–04, na leo ndiye rais wa shirikisho letu la kikapu. Khaman Maluach, aliyekulia ukimbizini Uganda, alipita hapohapo Duke msimu wa 2024–25, na mwezi Juni 2025 akachaguliwa wa kumi katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA. Timu yetu ya taifa iliishinda Puerto Rico katika Olimpiki ya Paris mwaka 2024. Kwa majirani zetu Watanzania yupo Hasheem Thabeet, aliyetoka Dar es Salaam, akachezea Chuo Kikuu cha Connecticut kuanzia 2006, na mwaka 2009 akachaguliwa wa pili katika uteuzi huohuo.

Kwa hiyo jambo hili ni mlango wa kweli, na waliopita wanajulikana. Ninachotaka tukitafakari ni nini hasa mtu anachokitoa mlangoni, na nini anachopewa.

Mchezo si dhambi

Tuondoe kwanza jibu la haraka. Wapo wanaosema michezo yote ni lahwi, upuuzi unaomsahaulisha mja Mola wake, na kwamba mwenye kwenda kusoma kwa njia ya mpira ameanza safari ya elimu kwa mguu mbaya. Lakini Mtume (s.a.w.) alishindana mbio na Bibi Aisha (r.a.), na akaandaa mashindano ya farasi ambayo Abdullahi bin Umar (r.a.) alikuwa miongoni mwa walioshiriki. Ametufundisha pia kwamba muumini mwenye nguvu anapendeza zaidi kwa Allah kuliko muumini dhaifu, ingawa kila mmoja ana kheri yake. Mwili ni neema, na kuutumia vizuri ni sehemu ya kushukuru.

Wapo upande wa pili wanaosema: nafasi ni nafasi, riziki haikataliwi, na maskini hachagui. Hoja hii ina uzito kwetu. Karo ni mzigo, vita vimefunga shule nyingi, na Chuo Kikuu cha Juba chenyewe kiliwahi kuhamishiwa Khartoum miaka mingi kwa sababu ya vita. Siwezi kumwambia kijana wa namna hii akatae mkono ulionyooshwa. Lakini riziki nayo ina masharti yake katika sheria yetu, na hapo ndipo masomo yetu ya fiqhi yanapokuwa na la kusema.

Mkataba huu ni wa aina gani?

Ukiutazama vizuri, ufadhili wa mwanamichezo ni ijara, yaani mkataba wa kukodi kazi ya mtu. Chuo kinapata mazoezi, mechi, tiketi na televisheni. Mchezaji anapata karo, malazi, chakula na mwalimu. Wanazuoni wameweka sharti kwamba katika ijara kazi ijulikane, ujira ujulikane, na pasiwe na gharar, yaani utata mkubwa unaomwacha mmoja hajui anauza nini. Mfano wao wa siku zote ni samaki aliye majini na ndege aliye angani: huwezi kumuuza usiyemshika.

Sasa tupime. Kazi inajulikana? Kanuni za NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, zinaweka kikomo cha saa 20 kwa wiki za mazoezi na mechi wakati wa msimu. Safari na matibabu hazihesabiwi humo, na zote hula siku ileile yenye masomo. Ujira unajulikana? Kwa miaka mingi, kuanzia 1973 hadi 2012, ufadhili ulitolewa kwa mwaka mmoja mmoja tu. Tangu 2012 vyuo vimeruhusiwa kutoa wa miaka kadhaa, lakini kuruhusiwa si kulazimishwa. Mchezaji asiyeuliza anaweza kudhani ameahidiwa shahada nzima, kumbe ameahidiwa miezi tisa.

Na kuna utata usiokuwa mikononi mwa chuo wala kocha. Tarehe 5 Aprili 2025 serikali ya Marekani ilitangaza kufuta viza za wote wenye pasi ya Sudan Kusini. Siku hiyohiyo Maluach alikuwa San Antonio, Texas, akiichezea Duke nusu fainali ya taifa mbele ya umati mkubwa. Kijana anashangiliwa uwanjani, na karatasi inayomruhusu kuwa nchini imetangazwa kufutwa. Sisemi hayo ili kumtisha mtu. Nasema kwamba anayetia saini akiwa na pasi kama yetu anapaswa kujua kwamba sehemu ya ndege huyu bado iko angani.

Mbona wa hisabati haulizwi?

Hapa ndugu yangu mmoja darasani alinipinga vizuri. Alisema: mwenye akili ya hisabati akipewa ufadhili tunampigia makofi, na akili hiyo hakuiumba yeye. Mwenye urefu naye urefu hakuuumba. Vyote viwili vimetoka kwa Allah. Kwa nini wa kwanza awe mwanafunzi na wa pili awe mtu wa kutiliwa shaka?

Nimelifikiria swali hilo muda mrefu, na naona tofauti haiko kwenye neema, iko kwenye malipo. Mwenye hisabati anatoa akili yake, na chuo kinamlipa kwa kuikuza akili hiyohiyo. Kadiri anavyofanya kazi aliyoitiwa, ndivyo anavyolipwa, na hata akitaka hawezi kufanya kazi hiyo bila kujifunza. Mwenye urefu anatoa mwili, na analipwa kwa kitu kingine, yaani elimu. Anaweza kutoa kila alichoahidi, akacheza mechi zote, akavunja rekodi, na bado asipokee malipo yake. Wala hapatakuwa na wa kumgongea mlango kumwambia kuna ujira wake haujachukuliwa.

Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Huyu yuko juani kila siku. Kivuli chake ni darasa, na chakula kimo humo. Asipoingia, chakula kinaoza.

Mshahara usiochukuliwa

Haya si mawazo ya mwanafunzi wa fiqhi peke yake. Chuo Kikuu cha North Carolina kilichoko Chapel Hill ni miongoni mwa vyuo vikuu vya utafiti vinavyoheshimiwa Marekani, na timu yake ya kikapu ndiyo aliyoichezea Michael Jordan. Mwezi Oktoba 2014 ilitolewa ripoti ya uchunguzi iliyoonyesha kwamba kwa miaka 18, kuanzia 1993 hadi 2011, zaidi ya wanafunzi 3,100 waliandikishwa katika masomo ambayo kwa kweli hayakuwepo. Hapakuwa na kipindi wala mhadhiri. Mwanafunzi alitakiwa kuwasilisha karatasi moja tu, nayo ilisahihishwa na karani wa ofisi, alama zikawa za juu. Karibu nusu ya wanafunzi hao walikuwa wanamichezo. Na idara iliyotoa masomo hayo ilikuwa ya masomo ya Afrika na ya Waamerika weusi.

Tafakari, ndugu msomaji. Kijana anatoa jasho lake kwa chuo chenye maprofesa mabingwa, na analipwa sarafu bandia iliyochorwa sura ya bara lake mwenyewe. Mtume (s.a.w.) ametuamrisha kumpa mfanyakazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Hawa jasho lilikauka, wakaondoka na cheti chenye masomo hewa ndani yake. Dhulma ilikuwa ya wakubwa, bila shaka. Mwaka 2017 NCAA ilimaliza shauri hilo bila kukiadhibu chuo kwa masomo yale. Lakini somo letu ni kwamba ukubwa wa jina la chuo haukumlinda mtu. Jina lilikuwa la kweli, maktaba ilikuwa ya kweli, na mtu angeweza kukaa miaka minne karibu nayo bila kuifaidi.

Ataniambia mtu kwamba siku hizi mambo yamebadilika, wachezaji wanalipwa fedha. Ni kweli. Tangu Julai 2021 wameruhusiwa kupata kipato kwa majina na picha zao, na kufuatia suluhu ya mahakamani ya Juni 2025 vyuo vinaweza kuwalipa wachezaji moja kwa moja. Ila mwanafunzi wa kigeni mwenye viza ya masomo amebanwa katika kazi na kipato kuliko mwenzake aliye raia. Na NCAA yenyewe husema kwamba wanaoendelea kucheza kwa kulipwa baada ya chuo hawafiki wawili katika kila mia. Kwa hiyo kwa kijana wa Gumbo, wa Temeke au wa Eastleigh, ujira ulio karibu kuliko wote bado ni elimu. Hasheem Thabeet alifika kileleni, naye miaka yake ya NBA iliishia 2014, kabla hajatimiza miaka thelathini. Hata anayefanikiwa anabakiwa na maisha marefu baada ya mpira.

Wewe usiyecheza

Wengi wetu tunaosoma jarida hili hatutaitwa na kocha yeyote. Sisi tutachagua chuo kwa njia nyingine, na mtihani wetu ni wa nia.

Chuo Kikuu cha Michigan kina uwanja wa kandanda ya Kimarekani wenye viti 107,601. Chuo hichohicho kina maktaba yenye zaidi ya mijalada 1,000 ya miswada ya Kiislamu iliyoandikwa kwa mkono. Vyote viwili viko katika mji mmoja, na kitambulisho kimoja cha mwanafunzi kinakufikisha kote. Hakuna dhambi kukaa kwenye kiti kimoja kati ya hivyo Jumamosi moja. Lakini mtu anayesema "nimekichagua kwa sababu ya elimu" ajiulize mwishoni mwa mwaka amekaa saa ngapi katika kila upande.

Imamu Ghazali alipelekwa kufundisha Nizamiyya ya Baghdad mwaka 1091. Kwa lugha ya leo, hicho ndicho kilichokuwa chuo kikubwa, na mamia ya wanafunzi walimzunguka. Ametueleza mwenyewe kwamba alipoichunguza nia yake katika kufundisha, aliikuta haikuwa safi kwa ajili ya Allah, na kilichoisukuma kilikuwa ni kutafuta cheo na sifa kuenea. Mwaka 1095 akaondoka. Watu hupenda kuishia hapo, wakadhani funzo ni kuvikimbia vyuo vikubwa. Lakini mwaka 1106 alirudi kufundisha, safari hii Nizamiyya ya Nishapur. Alirudi katika aina ileile ya taasisi akiwa na nia nyingine. Kilichohitaji kubadilika kilikuwa ndani yake.

Sura ya Al-Jumu'a inatukumbusha katika aya yake ya mwisho watu walioona biashara na pumbao, wakakimbilia huko na kumwacha Mtume (s.a.w.) amesimama. Walikuwa ndani ya msikiti, nyuma ya mbora wa viumbe, na bado ngoma ya msafara iliwatoa. Ikiwa wao ilikuwa hivyo, sisi tusijidanganye kwamba kelele za watu laki moja hazitatugusa. Na tangu Mahakama Kuu ya Marekani ilipoondoa mwaka 2018 katazo la kitaifa la kamari ya michezo, kelele hizo zimekuja na simu mkononi inayomwita mwanafunzi abashiri matokeo. Hiyo ni maisir, na haihitaji ijtihadi.

Haki ya Mola na haki ya nafsi

Salman (r.a.) alimuusia Abu Dardaa (r.a.) kwamba Mola wako ana haki juu yako, nafsi yako ina haki, na jamaa zako wana haki, basi mpe kila mwenye haki haki yake. Mtume (s.a.w.) akamsadikisha. Nadhani usia huo unamtosha anayechagua chuo.

Haki ya Mola: mashindano makubwa ya kikapu ya vyuo huchezwa mwezi Machi na Aprili. Ramadhani ya mwaka 2023, 2024 na 2025 ziliingia zote mwezi Machi. Timu ikisafiri, mchezaji ana ruhusa ya msafiri kufungua na kulipa. Mechi ikiwa nyumbani, ruhusa hiyo hana. Hakeem Olajuwon, aliyesoma Chuo Kikuu cha Houston, alipokuwa NBA alicheza akiwa amefunga, na Februari 1995, mwezi ambao Ramadhani ilikuwemo, akatajwa mchezaji bora wa mwezi. Basi inawezekana. Ila yeye alikuwa bingwa asiyeweza kuachwa benchi. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anahitaji kujua kabla ya kusaini kwamba kocha wake atamwelewa.

Katika hili ukubwa wa chuo unaweza kuwa rehema. Jumuiya ya Wanafunzi Waislamu ya Marekani na Kanada iliasisiwa mwezi Januari 1963 katika Chuo Kikuu cha Illinois kilichoko Urbana-Champaign, nacho ni chuo kikubwa cha utafiti chenye timu kubwa. Walikutana hapo kwa sababu chuo kikubwa huvuta watu kutoka kila nchi, na walipokuwa wengi wakasimamisha Ijumaa na jumuiya. Kareem Abdul-Jabbar naye aliingia Chuo Kikuu cha California kilichoko Los Angeles kwa sababu ya kikapu, na akakishindia ubingwa wa taifa mara tatu mfululizo, 1967 hadi 1969. Akiwa mwaka wa kwanza alisoma kitabu cha maisha ya Malcolm X, na mwaka 1968, kabla hajahitimu, akatamka shahada. Mpira ulimfikisha chuoni. Kusoma ndiko kulikomfikisha kwenye Uislamu. Huyo alichukua mshahara wake wote, na zaidi.

Haki ya nafsi na ya jamaa: goti likivunjika, nani analipa? Masomo yanaendelea? Na wale wa nyumbani waliokusubiri, utarudi kwao na nini mkononi kama si picha za magazeti?

Kabla ya kutia saini

Ushauri wangu kwa anayeitwa ni huu. Uliza ufadhili ni wa miaka mingapi, na uandikwe. Uliza nini kitatokea ukiumia. Uliza ni masomo gani wachezaji wa timu hiyo wanasoma na wangapi wamehitimu, kwa sababu somo lenye maabara za alasiri hugongana na mazoezi, na wapo wanaosukumwa kwenye somo jepesi wasilolitaka. Uliza Ijumaa inaswaliwa wapi. Kisha ukiisha kufika, hesabu kila kipindi cha darasa kuwa ni noti ya mshahara wako, ukaichukue.

Na kwa asiyeitwa: ondoa uwanja akilini, ukione chuo bila uwanja. Kama bado unakitaka, kitafute kwa juhudi zote. Kama hamu imekwisha, umejijua mapema, kabla ya karo.

Kwa maoni yangu, basi, kukubali ni halali, na kwa wengi wetu kunaweza kuwa kheri kubwa. Lakini anayekubali amejifunga wajibu ambao mkataba haukuuandika, nao ni kuidai elimu yake kama mfanyakazi anavyodai ujira. Anayeuza jasho lake akaacha malipo juu ya meza amejidhulumu, hata kama jina lake linaimbwa.

Mwenyezi Mungu atujaalie elimu yenye manufaa, atuhifadhie nia zetu, na awafungulie vijana wetu milango iliyo salama. Wallahu a'lam.